Barafu Lazima Iseme

Nilipokabidhi funguo za stoo ya chanjo, Mwikali, muuguzi aliyepokea nafasi yangu, aliniomba niwaandikie watakaofuata kisa cha barafu ya Ekalakala. Yeye mwenyewe aliuona mwisho wake tu, siku chache kabla sijastaafu, na mwisho usio na mwanzo humwacha mtu akidhani kwamba wazee ni wakaidi bila sababu. Nimekubali. Vyeo nilivyopanda havimo humu kwa kuwa vilikuwa vichache, na mshahara haumo kwa kuwa mnaujua.

Nilifika katika stoo hiyo, mjini Machakos, nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Kola, diploma ya uuguzi ikiwa bado na harufu ya wino. Nilimkuta Mzee Kilonzo, fundi wa mafriji, mtu mrefu aliyevaa koti la kaki ambalo mfukoni mwake mlikuwa na kipimajoto, kipande cha penseli na kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Alikuwa amesoma hadi darasa la saba. Aliniangalia viatu, akaniangalia uso, akauliza:

"Wewe ndiye sista mpya? Unajua kusikiliza?"

"Nimefundishwa kusikiliza moyo na mapafu," nikajibu.

"Hiyo ni ya watu. Mimi nimeuliza barafu."

Nilicheka kwa adabu. Yeye hakucheka.

Siku hizo vituo vyetu vya mashambani vilitumia friji za gesi, na mnaotumia umeme wa jua huenda hamjawahi kuona kioja hicho: chini ya friji kuna moto unaowaka, na juu kuna baridi. Mzee Kilonzo alipiga magoti akanionyesha ndimi za buluu. Moto huo, alisema, unafukuza amonia kutoka majini iwe gesi. Gesi inapanda, inapoa na kuwa majimaji. Kisha majimaji hayo yanaingia kwenye mabomba ya ndani na kugeuka gesi tena. "Na ndiyo iwe gesi inahitaji nguvu. Inaitoa wapi? Inaitoa kwa hewa ya ndani ya friji, inaitoa kwa chanjo, inaitoa hata kwa mkono wako ukiuweka hapo." Nilikuwa nimeyasoma hayo chuoni na kuyajibu katika mtihani, ila sikuwahi kuyapigia magoti. Alinisimulia pia kuhusu mgeni mmoja mheshimiwa aliyekuja kukagua kituo, akauona moto chini ya friji, akauzima kwa nia njema kabisa, kisha akawapongeza wauguzi kwa usafi.

Somo la pili alinifundisha mvuke. Tulichemshia sindano katika chungu cha shinikizo juu ya jiko, nami nikafungua kifuniko kabla ya wakati. Mvuke ulinigusa kifundo cha mkono kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kovu ninalo hadi leo. Siku iliyotangulia nilikuwa nimerukiwa na maji yanayochemka na hayakuniacha na alama yoyote, kwa hivyo nilishangaa. Mzee Kilonzo alinishika mkono na kuuweka chini ya bomba la maji baridi, akaniambia polepole, kama anayemliwaza mtoto: "Maji yakitaka kuwa mvuke yanabeba nguvu nyingi. Mvuke ukigusa ngozi yako unarudi kuwa maji, na ile nguvu yote unaiacha hapo. Haikuwa na chuki, sista. Ilikuwa inashuka tu."

Na somo la tatu ndilo hili la barafu, ambalo nililikataa.

Kila asubuhi ya safari, Mzee Kilonzo alitoa pakiti za barafu kutoka kwenye friza na kuzilaza mezani kwa safu moja, kila moja mbali na mwenzake kwa upana wa vidole viwili. Kisha alingoja. Magari yalipiga honi, wakubwa walichungulia mlangoni, naye alingoja. Pakiti zikianza kutoa jasho alichukua moja, akaitikisa karibu na sikio, akairudisha. "Bado iko kimya." Baada ya muda alichukua tena. Iliposikika sauti ndogo ya maji yakicheza ndani, kitu kama mtu anayemeza mate, aliitikia kwa kichwa: "Hii imesema." Ndipo alipoipangusa kwa kile kitambaa na kuiweka ndani ya kisanduku cha kubebea chanjo. Pakiti nne kila kisanduku, kila moja lazima iwe imesema.

Niliona ni mazoea ya mzee. Chanjo hutaka baridi. Barafu ngumu ni baridi zaidi kuliko barafu iliyoanza kuyeyuka. Basi barafu ngumu ni bora zaidi. Hesabu hiyo ilinitosha. Kosa lenyewe, ndugu zangu, hufanywa na watu wa kazi yetu pekee, tena wale wenye bidii. Mvivu angechelewa, barafu ikayeyuka mezani, na chanjo zikawa salama kwa bahati.

Siku ya kliniki ya Ekalakala ilifika Mzee Kilonzo akiwa amekwenda kutengeneza friji kwingine. Njia ya Ekalakala ni ndefu na jua lake halina mzaha. Nilifungua friza, nikachagua pakiti ngumu kuliko zote, zile zilizokuwa zimeshikana chini kabisa, nikazipanga moja kwa moja katika kisanduku kuzunguka vichupa vya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Nilifunga kifuniko nikijisifu kimoyomoyo.

Tuliwachanja watoto ishirini na watatu kwenye benchi za shule ya msingi. Wa mwisho alikuwa Mumo, mtoto wa kike wa wiki kumi, aliyepakatwa na mama yake, Syombua, mwanamke kijana wa rika langu ambaye alikuwa ametembea tangu alfajiri. Nilipokwisha kumdunga Mumo na kunyoosha mkono kuchukua kichupa kingine kwa ajili ya mama aliyefuata, nilihisi kitu kigumu chini ya kioo. Nilikiinua kwenye mwanga. Ndani yake palikuwa na kipande cha barafu, chembamba kama ukucha.

Nitawaambia ukweli wa dakika ile. Nilikifumbata kichupa kiganjani, barafu ikayeyuka, na nilipofungua mkono hakikuwa na tofauti yoyote machoni. Hakuna aliyeona. Ningeweza kuendelea. Chanjo ya aina hiyo ikiganda mara moja tu, kinga yake hufa na hairudi hata ukiipasha joto, lakini haimdhuru mtoto na wala haitoi harufu. Mama angekwenda nyumbani akiamini mtoto amekingwa, na kifaduro kingekuja kumwambia vinginevyo. Niliwaambia akina mama waliobaki kwamba dawa imekwisha. Huo ulikuwa nusu uongo, nami nilirudi Machakos nikiwa nao mapajani.

Mzee Kilonzo alinisikiliza hadi mwisho. Hakunikemea, jambo ambalo lilikuwa gumu kulivumilia. Alichukua kichupa kutoka kwenye kisanduku changu na kingine cha toleo lilelile ambacho hakikuwahi kutoka kwenye friji, akavitikisa pamoja, akaviweka mezani. Tulivitazama kama nusu saa. Kile cha friji kilibaki na ukungu sawasawa kutoka juu hadi chini. Changu kilianza kujitenga: vipande vidogo vyeupe vikashuka na kutulia chini, na juu yake maji maangavu, yasiyo na kazi.

"Barafu yako ilitoka kwa friza ikiwa nyuzi ishirini chini ya sifuri," alisema. "Ikakaa karibu na hawa. Ikawanyonya joto lao mpaka wakaganda. Sasa ungengoja iseme, ingekuwa imefika sifuri. Na ikishafika sifuri, barafu na maji wakiwa pamoja, haishuki tena, na haipandi mpaka barafu yote iishe. Hiyo chanjo haigandi kwa sifuri. Inataka chini kidogo ya hapo. Ndiyo maana mimi nasikiliza."

"Nilijua hayo, Mzee," nikasema, na machozi yakanitoka. "Niliyaandika kwenye mtihani."

"Nilijua unajua." Alinipa kile kitambaa chake safi. "Sasa vichupa haviwezi kuongea, sista. Ni wewe utaenda kuongea."

Mkuu wetu aliidhinisha warudiwe wote. Siku ya kliniki iliyofuata tulikwenda wawili, mimi na Mzee Kilonzo, na mtu alikuwa ametangulia kuwaita wale wanawake. Walikuja wote ishirini na watatu. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilipofika katikati ya sentensi ya pili Syombua alisimama, Mumo akiwa mgongoni.

"Ngoja, sista. Kwa hivyo ulimdunga mtoto wangu maji?"

"Ilikuwa chanjo, mama, lakini iliganda njiani, ikapoteza..."

"Iliganda? Hapa Ekalakala?" Wanawake wakacheka, naye akageuka kuwatazama. "Mmeskia? Sisi hapa tunapikwa na jua, na dawa ya sista inaganda!"

"Ni mimi niliyeigandisha," nikasema. "Niliweka barafu ngumu mno. Nilionywa, sikusikia."

Kicheko kilikatika. Mzee Kilonzo hakuniokoa. Alitoa tu vile vichupa viwili, akampa mwanamke mzee kuliko wote avitikise kwa mkono wake, akaviweka juu ya dawati. Walivizunguka. Walingoja. Vipande vyeupe viliposhuka katika kimoja, yule mama mzee alisema kwa sauti ya kutoa hukumu, "Hii imekufa," na wengine wakaitikia. Kisha Mzee Kilonzo akatoa pakiti ya barafu kutoka kwenye kisanduku cha siku hiyo, akaipitisha sikio kwa sikio. Wakasikia maji. Mmoja mmoja wakapanga foleni. Nilichanja watoto ishirini na wawili.

Syombua aliondoka. Nilimfuata hadi kwenye uzio wa shule, nikamwomba. Alijibu bila kunitazama, "Mara ya kwanza pia uliniomba vizuri."

Sijui kama mmewahi kubeba mtoto mmoja kichwani kwa mwezi mzima. Nilipita pale stoo nikitoa na kupokea, nikiandika namba za kipimajoto asubuhi na jioni, na kila mtoto aliyekohoa katika wodi alikuwa Mumo hadi nilipomwona uso. Mzee Kilonzo aliliona hilo, akaanza kuniachia kazi ya kusikiliza. Nilitikisa pakiti, nikasema imesema. Yeye akaitikisa baada yangu, akasema bado. Nami nikajifunza tofauti kati ya sauti ya maji na sauti ya mtu anayetamani kuondoka.

Kliniki iliyofuata, jua likiwa limepanda, Syombua alikuja. Hakunisalimu. Alikaa kwenye benchi, akamweka Mumo magotini, akanyoosha mkono wazi. Nilielewa. Nikatoa pakiti, nikampa. Aliiweka sikioni, akaitikisa mara mbili, akainamisha kichwa kama anayesikiliza habari kutoka mbali.

"Imesema," akasema. "Mdunge."

Baada ya siku ile ikawa desturi. Kwa miaka yote niliyofanya kazi, wanawake wa Ekalakala hawakumtoa mtoto nguoni kabla ya kusikia barafu. Mama aliwaambia mabinti, dada akawaambia mawifi. Wauguzi wageni waliopelekwa huko walirudi wakilalamika kwamba watu wa kule wana ushirikina wa barafu. Mzee Kilonzo alipostaafu aliniachia kipimajoto na kitambaa. Alipofariki nilikwenda mazikoni nikiwa na kitambaa hicho mkobani. Nilikipeleka kwa ajili ya jasho, ingawa hakikutumika kwa jasho.

Sasa mwisho, ambao Mwikali aliushuhudia. Safari yangu ya mwisho ya kazi niliiomba iwe Ekalakala. Tulikuwa na visanduku vipya, vile ambavyo ukuta wake wa ndani umefungiwa maji. Pakiti zake hutoka kwenye friza zikaingia humo moja kwa moja, ngumu, bila kungoja. Baridi kali inapotaka kuifikia chanjo hukutana kwanza na yale maji ya ukutani, na maji yakianza kuganda hutoa joto na kushikilia pale pale kwenye sifuri. Ni kifaa chema. Kimemfanyia kila muuguzi ile kazi niliyoshindwa mimi.

Syombua alikuwa ameketi benchi la mbele, nywele zimeingia mvi, amempakata mtoto wa Mumo. Mumo mwenyewe anafanya kazi kiwandani Mavoko na humwachia mama yake mtoto siku za kazi.

"Leteni hiyo barafu," alisema.

Mwikali akampa pakiti, akitabasamu. Syombua akaitikisa. "Iko kimya."

"Susu, hizi hazihitaji kusema siku hizi," Mwikali akamwambia, akimwita nyanya kwa Kikamba chetu. "Hiki kisanduku ni cha kisasa."

"Kisanduku kiko sawa. Mimi nimeuliza barafu, sijauliza kisanduku."

Nilikwenda nikachutama mbele yake, nikamweleza kuhusu maji ya ukutani. Alinisikiliza kwa heshima yote, kisha akanishika bega. "Sista, hata wewe siku ile ulikuwa na elimu."

"Itachukua muda," nikasema. "Labda hadi saa nane."

"Siko na haraka. Huyu pia hana haraka, hata meno hana."

Mwikali alinivuta kando. "Madam, tutangoja kweli? Kipimajoto kinaonyesha ni nyuzi nne, chanjo iko salama!"

"Iko salama. Na yeye amengoja vibaya zaidi kwa ajili yangu."

Tulikubaliana kisanduku kisifunguliwe ila mama mwingine anapohitaji kichupa, ili baridi isipotee ovyo. Kila kilipofunguliwa, Syombua alipewa pakiti, akaitikisa, akairudisha. Saa tano. Saa sita. Watoto wengine walidungwa wakalia wakabebwa kwenda zao. Mama zao waliliamini neno langu, naye hakuwalaumu. Niliketi kando yake nikampokea mtoto ili apumzishe mikono. Mwikali alichungulia kipimajoto kwa mara ya kumi.

"Haijasonga hata kidogo," alinung'unika. "Joto lote hili la Ekalakala, linaenda wapi?"

Nilimwambia afikirie kwaya ya kanisani, waimbaji wamesimama kwa safu wameshikana mikono. Chembe za barafu ziko hivyo: kila moja mahali pake, zinatikisika tu. Zikiwa baridi sana zinatikisika kidogo. Ukizipa nishati, mtikiso unaongezeka, na kipimajoto kinapanda. Lakini zikifika sifuri, nishati inayoingia haiongezi tena mtikiso. Inakwenda kwenye mikono, kuiachanisha, jozi moja baada ya nyingine. Ukitazama kipimajoto utadhani hakuna linalofanyika, kumbe ndio wakati wa kazi kubwa kuliko yote. Mikono ikiachana, wanaanza kupishana, na hapo ndipo unasikia maji.

"Mwezi ule nilipokataa," Syombua alisema ghafla, akimtazama Mwikali na si mimi, "sikukasirika siku zote. Wiki ya kwanza nilikasirika. Zile zingine nilikuwa tu najingoja mimi mwenyewe."

Mtoto alinilalia kifuani.

Ilikuwa imepita saa nane kidogo mama mmoja alipoleta mapacha wake, na kisanduku kikafunguliwa. Syombua akachukua pakiti. Aliitikisa mara moja, kisha akaitikisa tena. Uso wake ukalegea. Nilidhani atanipa mimi. Nilikuwa tayari nimenyoosha mkono. Lakini aliipitisha mbele yangu akampa Mwikali.

"Sikia wewe," alisema. "Huyu anaenda nyumbani. Wewe ndiye unabaki."

Mwikali aliiweka pakiti sikioni. Alifumba macho. Kisha akaipangusa kwa kitambaa nilichompa, akairudisha mahali pake, akanawa mikono na kufungua sindano.